Majaji watatu waliotikisa muungano wa Kinshasa

Tarehe 17 Julai 2020, Raisi Félix Tshisekedi alitia sahihi ordonansi za kuweka majaji watatu wapya katika Korti ya Katiba: Dieudonné Kaluba, Kalume Yasengo na Dieudonné Kamuleta. Kwa jamaa iliyokimbia vita na kulala kwa wenyeji hapa Kabambare, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini korti hiyo ndiyo inasema neno la mwisho juu ya uchaguzi wa raisi na wa wabunge wa taifa. Ndiyo iliyokataa malalamiko ya Martin Fayulu mwezi wa Januari 2019.

Katiba ya mwaka 2006 inataka majaji 9. Watatu wanachaguliwa na raisi mwenyewe, watatu na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Majaji. Kila mmoja anapewa miaka 9, na haiongezwi. Shabaha ni kwamba asiwepo mtu mmoja wa kuishika korti yote mkononi.

Ugomvi ulianzia hapo. Mkuu wa korti, Benoît Lwamba, alikuwa amejiuzulu. Majaji Noël Kilomba na Jean Ubulu walipelekwa Korti ya Kasasyo, wakakataa, wakisema miaka yao haijaisha. Zaidi ya hayo, Waziri wa Kwanza Ilunga Ilunkamba, wa FCC ya Joseph Kabila, alikuwa safarini. Aliyeweka sahihi ya pili ni Gilbert Kankonde, waziri wa mambo ya ndani, aliyekaimu nafasi yake. FCC ikasema katiba imevunjwa. Upande wa raisi ukasema sheria imefuatwa.

Tarehe 21 Oktoba majaji wale wakala kiapo. Jeanine Mabunda, mkuu wa Bunge, na Alexis Thambwe Mwamba, mkuu wa Seneti na mtoto wa Maniema, hawakufika. Tarehe 6 Desemba Tshisekedi akatangaza mwisho wa muungano. Kufikia Februari 2021, Mabunda, Ilunkamba na Thambwe walikuwa wamekwisha kuacha viti vyao.

Wazee wa siasa wanakumbuka pia Novemba 2011. Kampeni ikiendelea, Kabila aliongeza majaji katika Korti Kuu, ambayo wakati huo ndiyo iliamua kesi za uchaguzi. Siku hizo upinzani ndio ulipiga kelele. Miaka 9 baadaye, kelele zilihamia upande mwingine. Kalamu nayo ilikuwa imehamia.

Januari 2024, Korti ya Katiba, sasa chini ya Kamuleta, ilithibitisha ushindi wa Tshisekedi. Mwamuzi anaweza kuamua kwa haki kabisa, lakini akiwekwa kwa ugomvi, aliyeshindwa hamwamini. Na pale kura isipoaminiwa, mwananchi wa kijijini ndiye anaanza kufunga mizigo.