Historia ya Ufito wa Kuvulia Samaki Muganza

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali hii hutumiwa kuhimiza watu wajiandae kabla ya kazi, lakini mwanafunzi wa historia anaweza kuiongezea swali: nyenzo zenyewe hutoka wapi? Insha hii inajibu swali hilo kwa kutazama kifaa kimoja kidogo, yaani ufito wa kuvulia samaki, kama unavyotengenezwa Muganza katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Watu wengi huuita ufito huu zana ya jadi. Hoja yangu ni kwamba kila kipande chake kina tarehe yake na njia yake ya kufika, na kwamba mara nyingi kipande kilibadilika kwa sababu njia ya kile cha zamani ilifungwa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Muganza iko katika uwanda wa Bugarama, sehemu iliyo chini kuliko zote nchini Rwanda. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu katika kimo cha mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Unapita katika mabonde membamba yenye maporomoko, na ukifika Bugarama umeshashuka hadi mita 950 hivi. Kutoka hapo unatembea polepole mpaka Ziwa Tanganyika. Uwandani kuna mto Rubyiro unaonywesha mashamba ya mpunga, na mto Ruhwa ambao ni mpaka na Burundi. Ng'ambo ya Rusizi ni Kamanyola, Kongo. Kwa hiyo mtu wa Muganza anaweza kufika katika nchi tatu kwa siku moja, na sokoni Kiswahili husikika pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa.

Maporomoko hayo ya Rusizi yana sehemu kubwa katika historia ya uvuvi. Yaliwazuia samaki wa Tanganyika wasipande hadi Kivu. Ndiyo maana Kivu, ingawa ni ziwa kubwa, katikati yake hapakuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Kati ya mwaka 1958 na 1960 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilichukua vifaranga vya dagaa wa Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Aina moja ilistawi, nayo ndiyo tunayoiita sambaza. Baadaye uvuvi wa sambaza ukakua: mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, wavu unateremshwa katikati, na taa inawashwa usiku kuwavuta samaki. Uvuvi huo umeandikwa sana na wataalamu, kwa sababu una vyama vya ushirika, mizani na kodi. Mvuvi wa ufito hana mizani. Anavua kambale wawili au tilapia watatu, wanaliwa nyumbani jioni, na hakuna daftari linalowahesabu. Kimya hicho cha madaftari ndicho kilichonifanya nichague mada hii.

Kwa kuwa maandishi ni machache, nilitegemea masimulizi. Nilizungumza na wazee watatu wa Muganza wanaotengeneza fito au waliowahi kuzitengeneza. Mmoja wao, mwenye zaidi ya miaka sabini, ni fundi wa baiskeli, na kazi yake hiyo, kama tutakavyoona, imeingia ndani ya ufito. Masimulizi yao nimeyalinganisha na mambo yanayojulikana katika historia ya biashara na ya viwanda.

Tuanze na mti. Wazee wote watatu walisema mti ulio bora ni mwanzi, unaoitwa umugano kwa Kinyarwanda. Mwanzi wa milimani huota wenyewe katika msitu wa Nyungwe, na zamani watu waliufuata huko. Mzee fundi alinieleza jinsi ya kuuchagua. Mwanzi mchanga haufai, kwa kuwa una maji mengi na ukikauka hukunjamana. Unaofaa umetimiza miaka mitatu au zaidi. Hukatwa wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati huo haushambuliwi sana na wadudu wanaotoboa. Kisha hukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa, ukiwa umening'inizwa na jiwe limefungwa chini yake ili unyooke. Palipobaki kombo hupashwa moto kidogo na kunyooshwa kwa mkono.

Halafu unajaribiwa. Fundi hushika shina, hufunga uzito mdogo kwenye ncha, na kutazama unavyopinda. Ufito mzuri hupinda kama upinde, kuanzia nchani na kushuka taratibu. Ule unaopinda mahali pamoja tu utavunjika hapo hapo siku utakaponasa kambale mkubwa. "Mjukuu wangu," aliniambia, "samaki hashindani na mkono wako, anashindana na mti. Mti ukichoka pamoja naye, umempata."

Njia ya mwanzi wa Nyungwe ilifungwa kwa hatua. Msitu ulitangazwa hifadhi mwaka 1933, wakati wa Wabelgiji, ingawa watu waliendelea kuingia. Katikati ya miaka ya 2000 ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi kukata mti humo ni kosa. Wavuvi wakahamia kwenye machipukizi ya mkaratusi, mti wa Australia ulioletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20. Mkaratusi ni mzito na hupasuka ukikauka haraka, lakini unapatikana kila kilima. Miaka ya karibuni mwanzi umeanza kurudi kwa njia nyingine: unapandwa kwenye kingo za mito kuzuia mmomonyoko wa udongo, na wenye mashamba huuza mianzi iliyokomaa. Kwa hiyo ufito wa mwanzi wa kijana wa leo unafanana na wa babu yake, lakini mwanzi wenyewe unaweza kuwa umetoka shambani. Anayeuita wa jadi atakuwa ametazama umbo tu.

Kipande cha pili ni mshipi. Wazee walikumbuka mishipi ya nyuzi za katani, iliyosokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja. Ilioza upesi na kuonekana majini. Nailoni ilibadilisha mambo hayo. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza nailoni mwaka 1938, na mwaka uliofuata ikaanza kutengeneza mishipi ya kuvulia. Katika Ziwa Viktoria nyavu za nailoni zilienea miaka ya 1950, zikachukua nafasi ya nyavu za pamba na za kitani. Kwa masimulizi ya Muganza, mshipi wa nailoni ulifika kutoka Bukavu na Bujumbura, ukiuzwa kwa mikunjo midogo. Mzee mmoja alisema baba yake alikata mkunjo mmoja vipande vinne na kugawana na majirani.

Hapa kuna ustadi ambao mgeni hawezi kuuona. Mshipi haufungwi nchani tu. Hufungwa kwanza chini karibu na mahali pa kushikia, ukapitishwa kando ya mti wote, ndipo ukafungwa tena nchani. Ncha ikivunjika, samaki bado yuko mkononi.

Cha tatu ni ndoana, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa ururobo. Ufuaji wa chuma Rwanda una zaidi ya miaka elfu mbili, na wahunzi waliheshimiwa sana. Hata hivyo wazee hawa walipokuwa watoto ndoana nyingi zilikuwa sindano au vipande vya waya vilivyopindwa motoni. Zilinasa, lakini hazikuwa na kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke. Ndoana za kiwandani zilitoka mbali. Kampuni ya Mustad ya Norwe ilianza kuzitengeneza kwa mashine mwaka 1877, na ndoana zake zilisambaa duniani kote, hadi jina la kampuni likawa kama jina la kitu. Hata hesabu ya namba zake inawachanganya wanaoanza: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Mzee alinionyesha kibati chenye ndoana za namba tatu tofauti, kila moja ikiwa na samaki wake. Tilapia ana mdomo mdogo na hunyonya chambo, kwa hiyo anataka ndoana ndogo. Kambale humeza, kwa hiyo anataka kubwa na nene.

Vipande vilivyobaki vimezaliwa karibu zaidi. Boya hukatwa kwenye ndala iliyochakaa. Chubwi ni nati ya baiskeli. Anayetaka kutupa mshipi mbali, kwa kutumia rili iliyonunuliwa mjini, anahitaji pete za kuuongoza mshipi kwenye ufito, na pete hizo mzee huzipinda kutoka spoku za baiskeli, akazisugua kwa mchanga mpaka zisikwaruze nailoni. Kisha huzifunga kwa uzi uliofumuliwa kwenye gunia la mchele na kuupaka gundi. Uzi huo una historia ya kilimo cha mpunga cha Bugarama, na spoku zina historia ya baiskeli zilizobeba mizigo kwenda mipakani.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kuungaunga huku ni dalili ya umaskini tu. Historia ya ufito katika nchi tajiri inaonyesha vingine. Miaka ya 1840 fundi wa bunduki wa Pennsylvania, Samuel Phillippi, alikuwa akipasua mianzi kuwa vipande vyembamba na kuvigandisha pamoja kuwa ufito mmoja. Baadaye mafundi wa Marekani na Uingereza waliupenda mwanzi wa aina moja kutoka kusini mwa China, unaojulikana kama Tonkin, wakauagiza kwa meli. Mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani iliweka vikwazo vya biashara dhidi ya China, na mwanzi huo ukakosekana. Fito za nyuzi za kioo, ambazo zilikuwa zimeanza kutengenezwa miaka michache kabla, zikapata soko lote. Miaka ya 1970 zikaja fito za nyuzi za kaboni, teknolojia iliyotokana na utafiti wa ndege. Mafundi wa Marekani na fundi wa Muganza wamepitia jambo lile lile: njia ya mwanzi ilifungwa, wakatafuta kitu kingine. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza waliandikwa vitabuni.

Kwa Muganza, njia zilizofungwa ni nyingi, na si zote za mwanzi. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi yaliondoa watu pamoja na maarifa yao, na hakuna historia ya ufundi wowote Rwanda inayoweza kuuruka mwaka huo. Nilipomwuliza mzee ni nani aliyemfundisha kunyoosha mwanzi, alitaja watu wawili kisha akanyamaza, nami sikuendelea. Mwaka 1996 vita vilianza Kongo mashariki, na Bukavu, lililokuwa soko la nailoni, ikatekwa mwezi Oktoba. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Ruhwa, njia ya kwenda Bujumbura, ikanyamaza. Kwa mwanasiasa hiyo ni habari ya uhusiano wa nchi mbili. Kwa mvuvi wa Muganza ni habari ya ndoana. Kijana mmoja aliniambia kwamba baada ya mpaka kufungwa alikaa wiki nzima na ndoana moja, kila jioni akiinoa kwenye jiwe, akiogopa kuvua penye mizizi isije ikakwama. Kwao samaki huyo wa ufito ndiye kitoweo.

Kuna wanaosema ufundi huu hauna haja ya kuandikwa, kwa kuwa fito za dukani kutoka China zinazidi kupatikana Kamembe na Kigali, na kijana mwenye fedha atanunua. Nakubali kwamba atanunua, na hakuna ubaya. Lakini ufito wa dukani pete yake ikitoka, au ncha ikivunjika, unapelekwa kwa nani? Niliona fito mbili za kaboni katika karakana ya mzee, zimetiwa ncha za mwanzi. Ufundi wa zamani ndio unaozifanya za kisasa ziendelee kuvua. Mzee huyo hana mwanafunzi hata mmoja wa kudumu, na akiondoka, fito hizo zitatupwa.

Kwa kuhitimisha, nimeonyesha kwamba ufito wa Muganza umekusanya ndani yake msitu wa Nyungwe, viwanda vya Norwe na Marekani, mpunga wa Bugarama na mipaka ya nchi tatu, na kwamba mabadiliko yake yanafuata kufungwa na kufunguliwa kwa njia. Huye tunayo Makumbusho ya Ethnografia, yaliyofunguliwa mwaka 1989. Ningependa siku moja ufito wa Muganza upelekwe huko, na kwenye karatasi yake pasiandikwe "zana ya jadi" peke yake. Paandikwe mwanzi ulikatwa wapi, nailoni ilipitia mpaka gani, spoku zilitoka kwenye baiskeli ya nani, na jina la fundi aliyeviunganisha, akiridhia litajwe.