Undertaker, Kamala na "Mungu" Ulingoni: Dini Inafaa Kwa Stori za Mieleka ama Ni Kucheza na Moto?

Kama ulikulia Nyamasaria, ama mtaa wowote wa Kisumu uliokuwa na kibanda cha video, hiyo kengele unaijua. Inalia mara moja, taa zinazima, na watoto wote waliolipa ashu kuingia wananyamaza. Undertaker anakuja. Kwetu kulikuwa na boi mmoja mathe yake ni wa Legio Maria. Kila mara kengele ikilia, huyo boi alikuwa anashika rozari yake, anafunika macho, halafu anacheki katikati ya vidole. Siku mathe alikuja kumtoa huko ndani na mti wa ufagio, hakulalamika ati watu wanapigana. Alisema tu, "Yawa, huyo mtu anaita wafu."

Miaka imeenda, kibanda kilishabomolewa, lakini hiyo maneno bado inaletwa kila mara wasee wa mieleka wakikutana hapo stage. Kuna wenye wanasema dini itolewe kabisa kwa mieleka. Kuna wenye wanasema ni mchezo tu, tuliza boli. Wacha tuiweke yote mezani, kuanzia mwanzo.

Kitu ya kwanza kuelewa: mieleka ya TV ni mchezo wa kuigiza wenye maumivu ya ukweli. Mshindi anajulikana kabla kengele ilie, lakini ukianguka kwa meza, umeanguka kwa meza. Kazi ya mwandishi wa stori ni moja, kufanya watu wapende steringi na wachukie adui. Ukitaka umati uchukie mtu kwa dakika mbili, mwambie atusi mji wao, bendera yao ama Mungu wao. Ya mwisho ndio hushika haraka kuliko zote, na ndio maana imetumika kila muongo.

KAMALA, "MGANDA" KUTOKA MISSISSIPPI

Tuanze na huyu, ju ni wetu, ama tuseme walituambia ni wetu. Kamala alitangazwa kama jitu kutoka Uganda, aliyewahi kuwa bodigadi wa Idi Amin. Alikuwa anakuja na mkuki na kinyago, hana viatu, amechorwa nyota kifuani na mwezi kwa tumbo, na haongei. Ananguruma tu na kujipiga tumbo. Jina lake la ukweli ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Huyo mhusika alitengenezewa Memphis mwaka 1982 akiwa na Jerry Lawler na Jerry Jarrett, miaka mitatu baada ya Amin kutoroka Kampala. Uganda yenyewe haikuwa na lolote hapo zaidi ya jina.

Sasa dini inaingia wapi? Mwaka 1992 walimpanga na Undertaker, kwanza SummerSlam pale Wembley, London, halafu Survivor Series kwa pigano la jeneza. Akapoteza zote mbili. Baada ya hapo akaletewa mhubiri. Slick, meneja wa zamani aliyekuwa anajiita daktari wa staili, alirudi kama Mchungaji Slick, na hata kwa maisha ya kawaida alikuwa ameingia kwa uchungaji. Kazi yake kwa stori ilikuwa kumwambia Kamala kwamba yeye ni binadamu. Akamtoa kwa wale mabosi waliokuwa wanamtesa, akampeleka hadi kucheza boling kama watu wengine.

Fikiria hiyo polepole, omera. Walichukua Mmarekani mweusi, wakamfanya "mshenzi" wa Afrika kwa miaka kumi, halafu wakaleta Injili kumfanya mtu. Ni ile hadithi ya mmishenari ambayo babu zetu waliambiwa hapa kando ya ziwa, sasa imewekwa ulingoni na popcorn. Cha kushangaza, ukiitazama leo, Slick ndiye mtu pekee kwa hiyo stori yote aliyemheshimu Kamala. Kwa hivyo dini hapo ilikuwa upande gani? Mimi naona shida haikuwa mchungaji. Shida ilikuwa kinyago na mkuki vilivyokuja kwanza. Harris alipoteza miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, na akaaga Agosti 2020.

UNDERTAKER NA WAKATI KENYA ILIKUWA INASAKA SHETANI

Mark Calaway alitokea kama Undertaker Novemba 1990, Survivor Series. Meneja wake wa kwanza alikuwa Brother Love, mhubiri feki wa suti nyeupe na uso mwekundu, aliyetengenezwa kuchekelea wale wahubiri wa TV wa Marekani waliokuwa wanashikwa na skendo mwishoni mwa miaka ya 80. Wengi wamesahau hiyo. Baadaye ndio Paul Bearer akaja na ule mtungi.

Mwanzoni ilikuwa horo ya kawaida. Ikafika 1998 na 1999 wakaongeza moto: kundi lake likaitwa huduma ya giza, akavaa kanzu, akaanza kuongea kama kuhani. Desemba 1998 Steve Austin alifungwa kwa alama kubwa ya Undertaker, akainuliwa juu mbele ya umati. Aprili 1999 ikawa Stephanie McMahon, amefungwa hapo hapo kwa "harusi" ya lazima, mpaka Austin akaja kumwokoa. Kampuni ilisema ni alama tu. Kila mtu aliyewahi kuingia kanisa aliona msalaba.

Huku kwetu hiyo picha ilianguka kwa petroli. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti ikawekwa hadharani 1999, mwaka ule ule wa harusi ya giza. Wazazi walikuwa wanaogopa shule, muziki, mikufu, kila kitu. Halafu mtoto anarudi nyumbani amegeuza macho juu, meupe, anaiga Undertaker sebuleni. Unategemea mathe afanye nini?

Hapa ndio watu husahau tofauti kubwa. Mtoto wa Texas alikuwa na magazeti na mabro wa kumwambia hiyo ni skripti. Sisi tulikuwa tunaona kwa kanda ambayo ilikuwa imezunguka miezi, na mtafsiri wa kibanda mwenyewe alikuwa anaamini. Kwa hivyo tukiuliza kama dini inafaa ulingoni, swali lingine ni nani anatazama na anajua nini.

WENYE WALIVUKA MSTARI

Stori ya Raven na Sandman ni ya Oktoba 1996, Philadelphia, kwa kampuni ya ECW iliyojulikana kwa damu na fujo. Raven alimfunga Sandman kwa msalaba wa mbao na kumvisha taji la seng'enge. Kurt Angle, aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka huo huo, alikuwa amekuja kama mgeni. Alikasirika akaondoka. Raven akatolewa nje kuomba umati radhi usiku huo huo. Umati wa ECW ulikuwa unashangilia watu kuchomwa na kupigwa viti, lakini hapo hata wao walinyamaza. Hiyo inakuambia mstari upo, hata kama hakuna mtu ameuchora.

Lakini ile iliyoumiza zaidi ni ya Muhammad Hassan. Alianza 2004 kama Mmarekani wa asili ya Kiarabu anayelalamika kwamba tangu Septemba 11 anaangaliwa kama gaidi. Yaani malalamiko ya ukweli kabisa. Muulize msee yeyote Msomali anayesimamishwa kwa kizuizi aonyeshe kitambulisho mara tatu. Waandishi walichukua hayo maneno wakampa adui, ili umati umzomee kwa kuyasema. Na aliyeigiza, Marc Copani, ni Muitaliano wa New York.

Halafu ikaja SmackDown iliyorekodiwa Julai 4, 2005. Hassan anapiga magoti kama anaswali, wanaume waliofunika nyuso wanatokea, wanamkaba Undertaker na waya. Ilikuwa ionyeshwe Julai 7. Asubuhi hiyo hiyo London ikalipuliwa, watu 52 wakauawa. Kipindi kilienda hewani Marekani hivyo hivyo, na tangazo la onyo tu. Kelele zikawa nyingi, stesheni ya UPN ikakataa kumuona tena, na mwisho wa mwezi huo Undertaker akamwangusha kupitia jukwaa, kazi ikaisha. Copani aliacha mieleka akaenda kuwa mwalimu.

Sala yenyewe haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba sala ndiyo iliyotumika kama ishara ya "sasa magaidi wanakuja". Hapo Kibos, karibu na sisi, kuna Wanubi waliokaa vizazi na vizazi. Mtoto wa huko akitazama hiyo, kitu babu yake hufanya mara tano kwa siku kimegeuzwa kengele ya hatari. Usiniambie ni mchezo tu.

Ukitaka kuona njia ingine, cheki Sami Zayn, Muislamu wa familia ya Syria. Kampuni ilianza kupeleka shoo zake kubwa Saudi Arabia 2018 na miaka ilipita bila yeye kuonekana kwa hizo shoo. Mei 2023 alifika Jeddah, akasalimia umati kwa Kiarabu, na uwanja ukapasuka. Hakuwa gaidi wala mtakatifu. Alikuwa tu msee anayependwa.

VINCE McMAHON DHIDI YA MUNGU (NDIO, ILIFANYIKA)

Aprili 30, 2006, Lexington, Kentucky. Vince na mtoto wake Shane dhidi ya Shawn Michaels, aliyekuwa ameokoka 2002, na mwenzake kwa timu ni Mungu. Mungu aliingia kama mwanga wa taa uliotembea hadi ulingoni, na wimbo wake. Na akapoteza, ju kundi la Spirit Squad liliingilia kusaidia Vince.

Watu wengi hutaja hii kama kufuru kubwa zaidi ya zote. Mimi naona ni komedi mbovu tu. Bosi anayejiona mungu alikuwa anachekwa, na Michaels mwenyewe alikubali kushiriki. Hakuna mwamini aliyegeuzwa adui. Sawa na Mchungaji D-Von wa 2002, aliyekuwa anakuja na Batista amebeba sanduku la sadaka. Mkenya aliyekumbuka mbegu ya 310 angecheka hadi machozi. Kuchekelea mhubiri anayekula sadaka si kutusi dini. Wakati mwingine ni kuitetea.

Bray Wyatt naye aliingia 2013 na taa ya mafuta, kofia na kiti cha kuyumba, akiwa kiongozi wa kundi la watu waliopotea. Mwaka uliofuata akamletea John Cena kwaya ya watoto waliofunika nyuso na vinyago vya kondoo. Wakati huo tuliona ni kali sana. Aprili 2023 Shakahola ikafukuliwa, na miili ikapita 400. Siwezi tena kutazama hiyo kwaya vile nilikuwa natazama. Lakini ndiyo stori ya dini naiheshimu zaidi, ju inaonyesha vile mtu anavutwa: upole kwanza, wimbo kwanza, halafu kinyago. Wyatt aliaga Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 36.

NA SISI TUSIJIFANYE WATAKATIFU

Kabla tushike Wamarekani shati, tuangalie nyumbani. Timu kubwa zaidi ya ziwa, Gor Mahia, iliyoundwa 1968, imepewa jina la mganga maarufu wa Kijaluo kutoka Kanyamwa. Tunaimba hilo jina kila wikendi, hata na mapasta. Kinshasa nako, mieleka yao wanayoiita catch ina waganga ulingoni kabisa: msee haguswi, mpinzani anaanza kutetemeka ama kulala, moshi unatoka. Edingwe alijulikana nchi nzima kwa hiyo. Makanisa ya huko yanapinga, na umati bado unajaa barabarani. Tofauti ni kwamba hao wanaigiza imani yao wenyewe, mbele ya majirani wanaoijua. Wakikosea, watakutana sokoni kesho.

Kwa hivyo nikiulizwa hapo stage, jibu langu ni hili: wacha dini ikae, lakini aliyeiandika awe anaijua, na asiitumie kama rangi ya kupaka adui. Undertaker anapita. Kamala na Hassan wanafeli.

Na ukipanda basi ya Kampala hapa Kisumu, kabla ufike utapita Mukono. Huko ndiko Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alianzisha Soft Ground Wrestling, vijana wanarushana kwa matope, ulingo wa miti na kamba, na video zao zilisambaa dunia nzima 2023. Ni Waganda wa ukweli, wanaongea, tena sana. Sijaona mkuki hata mmoja.