Mpagazi Hakuulizwa

Nilisoma shule ya msingi Tabora, na kama watoto wengi wa mji ule, ziara yangu ya kwanza ya kimasomo ilikuwa kwenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Tulipanga mstari, tukaelezwa kwamba Livingstone na Stanley walifikia pale mwaka 1872, tukaandika kwenye madaftari, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Jioni nilimsimulia bibi. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza swali moja tu: "Na waliobeba mizigo yao, hawakuwaonyesha?" Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Swali lile limenirudia mwaka huu, niliposoma Peponi.

Tukizungumzia uhuru wa mwandishi wa Kiafrika, tumezoea kuanzia gerezani. Tunamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekamatwa mwisho wa mwaka 1977 baada ya tamthilia yake ya Kigikuyu kuchezwa Kamiriithu. Hapa kwetu tunaitaja Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Ni sawa, mifano hiyo ina haki yake. Lakini historia ya njia ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, inanionyesha kifungo kingine, kisicho na askari mlangoni.

Fikiria njia yenyewe. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini: nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na kwa vijana wa huko safari ya pwani ilikuwa kazi ya heshima. Asiyewahi kuiona bahari alionekana bado mtoto. Ndani ya misafara hiyo hiyo walikuwamo pia watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuiona bahari.

Sasa, nani aliyeiandika njia hii kwa Kiswahili? Wa kwanza kukumbukwa ni Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Tabora ilikuwa kama kwao: baba yake aliishi pale na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Uzeeni, Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa hati za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kabla yake, mwaka 1901, Mjerumani mwingine, Carl Velten, alikuwa amechapisha mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, na ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande anayesimulia safari yake ya bara.

Ni maandishi matamu, nakiri. Kiswahili chake kinatembea, hakijikwai. Ila msikilize Tippu Tip anavyosimulia wapagazi wake walipomtoroka kule Rufiji. Anakamata mamia ya watu vijijini, anawatia minyororo, anawabebesha mizigo, na anatuambia bila haya kwamba kwa hilo alipata jina la Kingugwa, yaani chui. Pembe anazihesabu kwa frasila. Deni lake kwa Taria Topan analijua. Waliofungwa hawana hata jina moja.

Hakuna aliyemziba mdomo Tippu Tip. Pengine alikuwa mtu huru kuliko wote waliopita njia ile. Lakini aliandika kama mfanyabiashara, na mfanyabiashara anaona mzigo kabla ya kuona bega.

Nisijifanye mwema kuliko yeye. Miaka kadhaa iliyopita jarida moja liliniagiza makala kuhusu njia hii, kwa ajili ya watalii. Niliandika miembe ya Tabora, niliandika tembe, kisha nikaandika minyororo. Mhariri akanipigia: "Kaka, hii sehemu ya watumwa tuipunguze, wageni wako likizo." Tuliipunguza mpaka ikaisha. Hakuna sheria iliyotumika, hakuna aliyenitisha. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, basi.

Ndiyo maana Peponi ilinigusa. Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, kwa jina la Paradise, na wasomi wameonyesha jinsi inavyozungumza na maandishi yale ya akina Mwenye Chande. Safari ni ileile: tajiri wa pwani, mnyapara mkali, hongo kwa watemi, maradhi, hasara. Ila Gurnah amehamisha jicho. Anayetazama ni Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Aliyekuwa mstari kwenye daftari la madeni sasa anaogopa, anatamani, anaota. Kumbukumbu za kale haziwezi kutupa hilo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza Yusuf. Riwaya inaweza.

Hata hivyo, Gurnah aliondoka Zanzibar kijana, baada ya Mapinduzi, akaandikia Uingereza, kwa Kiingereza. Alipopata Nobel mwaka 2021 tulibishana sana kama ni Mtanzania, wakati wengi wetu hatukuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28! Msafara ulikwenda na kurudi pwani kwa muda mfupi zaidi ya huo. Mwandishi alikuwa huru kumsema mpagazi. Mjukuu wa mpagazi hakuwa na namna ya kumsikia.

Bibi yangu hakuisubiri. Alishafariki. Nimebaki na swali lake la jioni ile, na ukubwani nimelielewa vibaya zaidi: hakuwa akiuliza kuhusu makumbusho. Kuna mtu aliyekuwa akimkumbuka. Alipotoka, alivyofika Tabora, kama alikuja kwa hiari yake au la, sikuuliza. Na kuuliza ndiyo kazi ninayolipwa kufanya.