Lugha ya Kusubiri: Historia Fupi ya Wahaka katika Idara ya Dharura

Wahaka wa mgonjwa katika idara ya dharura hautokani na maumivu pekee. Huchochewa pia na kutojua kwa nini mwingine ametangulizwa. Katika vita vya Napoleon, daktari mpasuaji Dominique-Jean Larrey aliwapanga majeruhi kwa uzito wa majeraha, bila kujali vyeo. Takriban karne mbili baadaye, mwaka 2004, wataalamu wa Cape Town walianza kuunda mfumo wa rangi: mgonjwa wa nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1 na wa kijani ndani ya saa 4. Utaratibu huo ni wa haki, lakini asiyeelezwa huweza kuuona upendeleo. Mwaka 1985, David Maister alibainisha kuwa kungoja bila maelezo huhisiwa kurefu zaidi. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kwa dereva mgeni aliyejeruhiwa barabarani, hadhi hiyo itakuwa na maana pale tu muuguzi atakapomweleza, kwa Kiswahili, rangi yake, sababu yake na muda wa kusubiri.