Makapi ya urani yaliyogeuzwa risasi

Mwaka 1979 Leonard Dietz, mwanafizikia wa maabara ya nyuklia ya Knolls katika jimbo la New York, alikuwa akitafuta kosa la nyumbani. Vichujio vya hewa vya maabara yao vilikuwa vimenasa vumbi lenye mionzi, na yeye na wenzake walitaka kujua linavuja wapi. Walipolichunguza wakakuta si lao. Lilikuwa vumbi la urani hafifu, na lilitoka kiwanda cha National Lead kilichokuwa Colonie, kilomita 16 hivi kutoka hapo. Kiwandani humo urani hiyo ilitengenezwa viini vya risasi za mizinga ya milimita 30. Kichujio kingine, kilichowekwa umbali wa kilomita 42, nacho kilikuwa na vumbi lile lile.

Mwaka uliofuata amri ya mahakama ikasimamisha uzalishaji. Baadaye serikali kuu ilikichukua kiwanda, ikabomoa majengo na kuzoa udongo. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Randall Parrish lilipima mkojo wa wafanyakazi wachache wa zamani pamoja na majirani. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20 tangu kiwanda kifungwe. Wafanyakazi wote waliopimwa, na baadhi ya majirani, bado walikuwa na urani ile mwilini.

Naanza na Colonie kwa makusudi. Mjadala wa silaha hizi kwa kawaida huanzia Iraki, na huko ukweli umekanyagwa na propaganda ya Saddam Hussein upande mmoja na vikanusho vya Pentagon upande wa pili. Colonie hapakuwa na vita. Palikuwa na bomba la moshi, upepo na watu waliokuwa wakiishi maisha yao.

Urani inayotoka ardhini ni kama nafaka kabla ya kupepetwa. Punje inayotakiwa, urani-235, ni asilimia 0.7 tu. Mitambo ya kurutubisha huikusanya hiyo kwa ajili ya vinu na mabomu, na kinachobaki ni makapi, yaani urani hafifu: urani-238 karibu tupu, yenye mionzi ya kama asilimia 60 ya ile ya urani ya asili, na inayohitaji miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Marekani ilirundika mamia ya maelfu ya tani za makapi hayo. (Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Chungu hii ilianza kulimbikwa kwa jasho la wachimbaji wa Kongo.)

Kiswahili kina neno moja kwa risasi ya bunduki na kwa ile metali nzito inayoyeyushwa kwa moto mdogo, maana kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Urani inaizidi metali hiyo uzito kwa mara 1.7. Mshindani wake katika kutoboa vifaru ni tungsteni, lakini tungsteni ni ghali, na ikigonga chuma ncha yake hubonyea kama uyoga. Urani hujichonga yenyewe kadiri inavyopenya, na vipande vyake hushika moto ndani ya kifaru. Juu ya yote, ilikuwa bwerere. Mwenye taka alifurahi kupata wa kuichukua.

Vita vya Ghuba vya 1991 ndivyo vilivyoiingiza uwanjani kwa wingi: tani 300 hivi, Kuwait na kusini mwa Iraki. Kila risasi ya kutoboa vifaru ya ndege ya kivita ya A-10 ilibeba urani ya gramu 300 hivi, na mzinga wa ndege hiyo hufyatua zaidi ya risasi 60 kwa sekunde. Tarehe 11 Julai, vita vikiwa vimekwisha, gari lililosheheni makombora lilishika moto katika kambi ya Doha, Kuwait, na milipuko ikaendelea kwa saa kadhaa. Kati ya vilivyoungua zilikuwamo risasi za urani za vifaru. Askari wengi walisafisha uwanja ule bila kuambiwa kwamba urani ilikuwamo.

Hatari yake, ukiacha kelele, iko hivi. Kipande kikiwa kimelala mchangani hakimdhuru sana apitaye. Vumbi lake likivutwa hubaki mapafuni, na urani ikiingia damuni hulenga figo, kwa sumu yake ya kikemia zaidi kuliko mionzi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Baltimore wamewafuatilia askari wa Marekani waliopigwa na wenzao kwa bahati mbaya, baadhi yao wakiwa na vipande mwilini. Mkojo wao umeendelea kuonyesha urani nyingi, lakini figo zao hazikuharibika kama ilivyohofiwa.

Madaktari wa Basra walisimulia mengine: saratani, watoto waliozaliwa na kasoro. Siwezi kuandika kwamba urani ndiyo iliyoyaleta yote hayo, kwa sababu mji ule ulipitia pia moshi wa visima vya mafuta, njaa na vikwazo. Ila naona ajabu kwamba askari wa kigeni walipata kliniki ya kudumu, na mtoto aliyecheza juu ya kifaru kilichoungua hakupata hata kadi.

Kosovo, NATO ilitumia risasi za urani 31,000 hivi mwaka 1999, na ramani ya mahali zilipopigwa ikatolewa baada ya Umoja wa Mataifa kuiomba. Bosnia, wataalamu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walifukua risasi zilizokaa ardhini miaka saba, wakakuta kutu imekula robo ya uzito wake. Sehemu moja urani ilishafika majini.

Ubelgiji ilizipiga marufuku silaha hizi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009. Uingereza na Marekani zilitangaza mwaka 2023 kuipelekea Ukraine risasi hizo.

Mwaka 2008 meli ilitia nanga Longview, jimbo la Washington, ikiwa na tani 6,700 za mchanga wa Kuwait uliochafuliwa na moto wa magari ya kijeshi na risasi zake. Kuwait haikuutaka. Ukapakiwa kwenye treni hadi Idaho, kwenye jalala la taka za sumu karibu na Grand View. Ukapimwa. Urani ilikuwamo, kama ilivyotarajiwa. Kilichozidi kiwango kilikuwa kingine: madini ya risasi.