Mto Rufiji Katika Picha za Vita: Nani Anaonekana na Nani Haonekani?



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu, safari hii tumeona tuzungumzie picha. Hatukusudii picha za harusi wala za Idi, bali picha za zamani za Mto Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaani kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Picha hizi zimechapishwa kwenye vitabu vingi, na siku hizi kijana anazipata kwenye intaneti kwa dakika moja. Ni picha za kweli. Lakini mtu akiziangalia bila ya kuelezwa atatoka na habari nusu, na habari nusu ndiyo iliyowafanya vijana wengi wadhani kwamba vita ile ilikuwa ya Wazungu peke yao na babu zetu walikaa pembeni wakitazama.

Kwanza tuujue mto wenyewe. Rufiji ni mto mkubwa kuliko yote nchini Tanzania. Unapokaribia Bahari ya Hindi, ukikielekea kisiwa cha Mafia, unagawanyika mikono mingi: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Suninga na mingineyo. Katikati yake ni msitu wa mikoko uliofungamana, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko ya Afrika Mashariki. Boriti za hapo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi zikapelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Nyumba nyingi za kale za huko zimeezekwa kwa miti ya Rufiji. Maji ya delta yanajaa na kupwa, njia za maji zinahama, na asiyekuwa mwenyeji hupotea.

Hiyo ndiyo sababu Wajerumani waliuchagua mto huu kuwa maficho.

Meli ya kivita ya Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 na mabomba matatu ya moshi. Wenyeji wa pwani, kama ilivyo ada yao ya kukipa kila kitu jina, wakaiita "manowari na bomba tatu". (Neno manowari lenyewe tumelichukua kutoka kwa Waingereza, nalo limekuwa Kiswahili kabisa.) Mwezi Agosti iliiteka meli ya Kiingereza iliyobeba chai katika Ghuba ya Aden. Kisha alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikatokea ghafla mbele ya Zanzibar. Hapo ilikuwepo manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengeneza mitambo yake. Königsberg iliipiga kwa mbali mpaka ikazama, na mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Zanzibar, na makaburi yao yapo mpaka leo.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima delta ya Rufiji kabla ya vita, na ramani za Waingereza zilikuwa za zamani. Basi meli ikaingia mtoni, ikajificha karibu na Salale, na mabaharia wakafunika milingoti kwa matawi ya miti. Vyombo vya boila vilivyoharibika vikafunguliwa na kupelekwa kwa njia ya nchi kavu hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 100, vikatengenezwa na kurudishwa.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Vyuma vile vizito havikwenda Dar es Salaam kwa reli, kwa kuwa reli haikupita huko, wala havikwenda kwa gari. Vilivutwa na mamia ya watu, kwa kamba na kwa mabega, kupitia mchanga na vichaka, kwenda na kurudi. Bila ya watu hao Königsberg isingewasha moto tena. Vitabu vya vita vinamtaja nahodha kwa jina, vinataja namba ya mizinga na upana wa matundu yake, kisha vinasema "wafanyakazi wenyeji" na kuendelea na habari nyingine.

Waingereza waliigundua meli mwishoni mwa Oktoba 1914. Waliipekua meli nyingine ya Kijerumani huko Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale. Manowari ya Chatham ikaenda, na kutoka baharini wakaona ncha za milingoti juu ya mikoko. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkono wa Suninga ili kuziba njia, lakini mto una milango mingi. Manowari kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji, na Königsberg haikuweza kutoka. Wakabaki hivyo miezi minane, huku homa ya malaria ikiwapunguza mabaharia wa Kijerumani mtoni.

Sasa tuje kwenye picha ya kwanza, ile iliyopigwa kutoka angani. Waingereza walileta ndege, chombo ambacho wakati ule kilikuwa kipya kabisa duniani. Rubani wa kwanza alikuja kutoka Durban na ndege ya kutua majini, akaiona meli mwezi Novemba 1914, naye akatekwa mwezi uliofuata baada ya ndege yake kuharibika. Ndege nyingine zikaletwa mwaka 1915, na mwezi Aprili meli ikapigwa picha kutoka juu. Ukiiangalia unaona msitu mweusi, mkanda mweupe wa maji, na kitu chembamba kama kijiti kimelala kando ya mto. Kijiti hicho ndicho Königsberg. Wanafunzi wetu tulipowaonyesha waliuliza haraka, "Mbona hakuna nyumba?" Swali zuri. Nyumba zipo katika delta ile: Wandengereko, Warufiji na Wamatumbi wameishi kando ya mto huo wakilima mpunga na kuvua samaki tangu kabla ya Mjerumani kufika. Lakini aliyepiga picha alikuwa anatafuta meli, na mpiga picha huona kile alichotumwa kukiona.

Hata kina cha maji hakikupimwa na Waingereza wenyewe. Walimwajiri mwindaji kutoka Afrika Kusini, Pretorius, aliyeujua mto huo. Yeye alipita kwa mtumbwi akipima kwa fimbo ndefu, akitegemea wenyeji waliojua njia. Jina la Pretorius limebaki. Majina ya waliokuwa naye hatujayakuta katika kitabu chochote.

Hatimaye zikaletwa meli mbili bapa za mtoni, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, lakini vita vilipoanza Waingereza wakazinunua wao. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni, zikapigana kwa saa nyingi, zikarudi bila ya kumaliza kazi na Mersey imeumia. Tarehe 11 Julai zikarudi tena. Ndege ilikuwa juu ikiwaelekeza wapige mizinga wapi, maana milango ya mto na msitu vilizuia macho. Ndege hiyo ikapigwa, na wakati inaanguka aliyekuwa ndani aliendelea kutuma maelekezo mpaka ikagusa maji. Magazeti ya Ulaya yaliipenda sana habari hii. Siku hiyo Looff alijeruhiwa, na Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe. Kwa hesabu ya Hijria hizo zilikuwa siku za mwisho za Shaaban mwaka 1333. Watu wa delta waliingia Ramadhani siku chache baadaye wakiwa na manowari iliyokufa mbele ya vijiji vyao.

Picha ya pili, ambayo ndiyo mashuhuri zaidi, ni ya mabaki hayo. Meli imelalia ubavu, maji yamepanda kwenye sitaha, na yale mabomba yaliyoipa jina yameinama. Wageni waliipiga picha kwa miaka mingi. Walikuja wenye kukata vyuma, na kufikia miaka ya 1960 mto ulikuwa umekwisha kuimeza sehemu kubwa katika tope.

Lakini kwetu sisi picha yenye uzito zaidi ni ya tatu. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 kutoka kwenye meli iliyozama, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu, na ikapigana nchi kavu kwa miaka zaidi ya miwili. Zipo picha za mizinga hiyo ikiwa safarini. Nyingi ya picha za upande wa Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, na hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani ilizitoa kwa umma mwaka 2008. Katika picha za aina hii hatimaye watu wetu wanaonekana: safu ndefu ya wanaume, kifua wazi, kamba begani, wameinamia mbele. Nyuso nyingi zimeangalia chini. Maelezo yaliyo chini ya picha hutaja mzinga.

Vita ilirudi Rufiji mwezi Januari 1917, Waingereza walipovuka mto karibu na Kibambawe wakimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck. Kisha mvua za masika mwaka huo zikanyesha kwa wingi usio wa kawaida. Mto ukafurika, barabara zikazama, na majeshi yote mawili yakakaa na njaa pande zote za maji. Na ni akina nani hao? Upande wa Mjerumani walikuwepo askari wa Kisudani, Kinyamwezi, Kimanyema na Kiswahili, wengi wao Waislamu. Upande wa Mwingereza walikuwepo Wabaluchi na Wapunjabi kutoka Bara Hindi, Wahausa kutoka Nigeria, na askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland, nao pia Waislamu wengi miongoni mwao. Waliosoma Alhamdu moja walilengana bunduki kuvuka mto mmoja kwa ajili ya wafalme wawili ambao si wao. Hapo mwezi Novemba 1914 Sultani wa Uthmaniya alikuwa ametangaza jihadi akiwa upande wa Ujerumani, na wakubwa wa Kijerumani walijaribu kulitumia tangazo hilo huku kwetu. Ni Wajerumani hao hao waliomnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, Rufiji hiyo hiyo, mwezi Agosti 1905, na waliozima vita vya Majimaji kwa kuchoma mashamba na ghala za chakula. Wanahistoria wengine wanakadiria kuwa njaa na vita hiyo viliua watu 250,000 hadi 300,000. Kwa hiyo mzee wa Rufiji aliyeona Königsberg mwaka 1914 alikuwa ameshaiona njaa ya Majimaji miaka michache tu nyuma. Tukumbuke hilo tunaposoma vitabu vinavyomsifu Mjerumani kuwa alipendwa na askari wake.

Ama wapagazi, hao ndio waliokufa zaidi. Hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na posho ya unga usioiva. Hesabu rasmi za Waingereza peke yake zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliofariki, na wanahistoria wanaona kuwa idadi halisi inakaribia 100,000. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ulimi wa Kiswahili uliligeuza likawa Kariakoo. Kila siku watu wananunua vitunguu na vitambaa katika soko la Kariakoo Dar es Salaam, au wanashuka matatu Kariokor Nairobi, na kwa uzoefu wetu wachache sana wanajua kwamba wanalitaja jeshi la wabeba mizigo.

Wazee waliokuwa wanakumbuka wamekwisha kutangulia mbele ya haki, Allah awarehemu. Lakini wajukuu wao wapo, na baadhi yao wana majina na visa. Tunazo familia katika jumuiya yetu ambazo babu yao alikwenda "vita ya Mjerumani" na hakurudi, na hakuna kaburi. Tungependa majina hayo yaandikwe, jina na kijiji alichotoka, hata kama ni hayo tu, na mwenye nayo amletee mwalimu wa madrasa iliyo karibu naye.

Kwa wale watakaosafiri na watoto wakati wa likizo, mzinga mmoja wa Königsberg upo Pretoria mbele ya majengo ya serikali, na mwingine upo Ngome ya Yesu, Mombasa. Hapo hapo Mombasa umewekwa na mzinga wa Pegasus, ile meli iliyozamishwa Zanzibar. Mtoto anaweza kuigusa yote miwili kwa mkono. Ule wa Königsberg ulitolewa kwenye maji ya Rufiji kwanza, kisha ukavutwa kwa kamba.