Farasi wa Wizi na Majigambo ya Mikumi

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa barabara ya ndani, unapita Ulaya. Sifanyi utani. Ni kata ya wilaya yetu, ina mashamba yake na watu wake, na konda akifika pale anatangaza tu, "Wa Ulaya mshuke." Nilipokuwa shule ya msingi Kilosa tulikuwa na mwenzetu ambaye bibi yake aliishi huko. Kila likizo ikiisha alirudi na tambo ile ile: "Mimi natoka Ulaya, nyie je?" Tulicheka kila mara, naye hakuchoka kutamba. Hakuna aliyemwita mwongo, maana hakuwa amedanganya. Hakuna aliyemwamini pia.

Nilimkumbuka juzi nilipokuwa natafuta Kiswahili cha neno la Kiingereza, braggadocio. Nilikuwa naandika kuhusu hip hop ya Bongo, na katika hip hop neno hilo hulikwepi: ndilo jina la ule mtindo wa msanii kujisifu kwamba hana mpinzani, kalamu yake moto, wengine wote wakaoshe vyombo. Nikaandika "majigambo", nikasonga mbele. Rasimu nikamsomea mjomba wangu wa Ruhembe, mkulima wa miwa ambaye kabla ya kustaafu alifundisha Kiswahili. Akanisimamisha hapo hapo.

"Mwanangu, huyo anayejigamba amefanya nini?"

"Amefanya nini kivipi, mjomba?"

"Ndiyo nakuuliza. Kama hajafanya kitu, mbona unamwita mwenye majigambo? Huyo mwongo tu. Mtafutie neno lake."

Alikuwa ananirudisha darasani. Sekondari sote tulisoma kwamba majigambo, au vivugo, ni utanzu wa fasihi simulizi: mtu husimama mbele ya wenzake akajisifu kwa mambo makubwa aliyoyatenda, mara nyingi akiigiza kwa mwili huku mkuki au kirungu kikiwa mkononi. Tulikariri tukajibu mtihani, basi. Lakini kwa Wahaya wa Kagera na majirani zao Wanyankole wa Uganda haikuwa swali la mtihani. Mwaka 1964 H. F. Morris alichapisha kitabu kizima cha vivugo vya Wahima wa Ankole, na humo vita na ng'ombe ndiyo habari yenyewe: nani alipigana wapi, nani hakurudi nyuma. Mjomba alisisitiza jambo ambalo mimi nililipita haraka. Kivugo hutambwa mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwepo. Mwenye kujitia sifa ya mkuki ambao hakuurusha atamjibu nini yule aliyesimama naye siku ile?

Halafu kuna hiki kitendo chenyewe. Mganda akikuambia "kugamba", anamaanisha kusema tu. Napenda kusikia kujigamba kwetu hivyo, kama kujisema: mtu anajitolea ushahidi.

Sasa tazama neno la Kiingereza lilikozaliwa. Mwaka 1590 mshairi Edmund Spenser alitoa sehemu ya kwanza ya utenzi wake mrefu, The Faerie Queene. Ndani yake yumo jamaa mmoja anaitwa Braggadocchio. Spenser alichukua neno la Kiingereza la kujisifu akalibandika mkia wa Kiitaliano, likatoka jina la mtu wa mbwembwe. Huyu bwana anaiba farasi na mkuki wa shujaa Guyon, anapanda, na kuanzia hapo naye ni shujaa. Anapata na mfuasi, Trompart, ambaye kazi yake ni kumpigia tarumbeta. Leo tungemwita chawa, na asingekosa ajira.

Mambo yanaharibika katika sehemu ya pili ya utenzi, iliyotoka 1596. Kwenye mashindano ya harusi Braggadocchio anajitwalia sifa za ushindi wa mtu mwingine, na hapo ndipo Guyon anapotokea kudai farasi wake. Ushahidi ni alama nyeusi iliyo ndani ya mdomo wa mnyama. Lakini kilichonikaa mimi si alama. Guyon anamwita farasi kwa jina lake, na farasi anakata kamba kumfuata. Mwizi ananyolewa ndevu, upanga wake unavunjwa, anatimuliwa.

Kwa hiyo mjomba, bila kumsoma Spenser, alikuwa sahihi. Kivugo kina tendo nyuma yake, wakati braggadocio tangu kuzaliwa kwake lina farasi wa wizi. Nilichofanya mimi kwenye rasimu ni kumvika mwizi mavazi ya shujaa.

Ila na rapa naye si mwizi. Anaposema ameua maiki mia, hakuna polisi anayekwenda kuhesabu. Afande Sele wa Morogoro alipotawazwa Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 hakuna aliyeuliza ikulu yake iko wapi. Ni mwenzetu yule wa Ulaya. Na kwa mtu wa namna hiyo Kiswahili kina kitendo ambacho nilikuwa nacho mdomoni muda wote: kutamba. Kutamba ni kujiona na kujisifu, sawa, lakini hadithi pia hutambwa, na msimulizi wa ngano ni mtambaji. Lugha yetu imeziweka tambo na hadithi nyumba moja, na anayeingia nyumba hiyo anajua kwamba hatolewi hati ya kiapo.

Hapa ndipo inapoingia Mikumi. Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha pili wakati Professor Jay, Joseph Haule, alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na redio zote zikawa zinapiga "Ndio Mzee". Kabla ya hapo, akiwa na Hard Blasters, alitamba kama wenzake. Katika wimbo huu hatambi yeye. Amevaa koti la mgombea anayemwaga ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyopita, na umati unaitikia ndio mzee, ndio mzee. Ni Braggadocchio na kina Trompart wake, safari hii wakiwa uwanja mzima. Tulicheka kwa sababu tuliwajua.

Nimeusikiliza tena kwa sikio la mwalimu wa sarufi. Kivugo huishi kwenye -li- na -me-: nilipigana, nimerudi. Mgombea wa "Ndio Mzee" amejaa -ta- tupu. Ndiyo maana kumkamata ni kazi ngumu kuliko kumkamata mwizi wa Spenser. Kilichoibwa kipo, mwenyewe atakiita. Utamwita nani kwa ahadi ambayo bado?

Miaka 14 baadaye, Oktoba 2015, Haule mwenyewe aligombea ubunge kupitia CHADEMA, jimbo la Mikumi, wilaya yetu ya Kilosa, akashinda. Hakuwa rapa wa kwanza bungeni, Sugu alikwishaingia 2010 kwa Mbeya Mjini. Afande Sele aligombea Morogoro Mjini mwaka huo huo wa 2015 na hakupata. Lakini hakuna aliyebeba mzigo kama wa Haule, kwa sababu nchi nzima ilijua kwa kichwa jinsi alivyomchora mwanasiasa. Kila "nita-" atakayoitamka Kidodi au Ruaha, wimbo wake mwenyewe ungekuwa unamsikiliza. Mimi ningeogopa.

Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM, kwa Dennis Londo, katika uchaguzi ambao upinzani uliyakataa matokeo yake nchi nzima. Huko siendi leo. Ninachoweza kusema ni kwamba mbunge anayeomba kurudi inabidi aache -ta- na kushika -me-, yaani atambe kivugo mbele ya watu waliokuwepo. Hilo ni la kila chama.

Nilimrudia mjomba na maelezo yote haya, farasi na viambishi. Akasikiliza, kisha akanihadithia kikao cha wakulima wenzake wa miwa. Mwenyekiti alisimama akasema malipo yatatoka kabla ya Idi, hakuna mkulima atakayelala njaa, na msimu ujao kila mtu atakuwa na bodaboda yake. Kimya. Halafu kutoka nyuma, taratibu kabisa, mzee mmoja akaitikia: "Ndio mzee." Kikao kizima kikaangua kicheko na mwenyekiti akakaa chini.

"Na malipo?" nikauliza.

"Yalitoka baada ya Idi." Akavuta rasimu yangu. "Hapa kwa hawa vijana wako weka tambo. Majigambo yaache wenyewe wayafuate."

"Na yule wa farasi?"

"Mwizi. Andika mwizi."